"Mpendwa Mzazi" Ndiye Nani?

Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele yangu ni simu ya nyanya. Muhula uliopita ililia, nami ndiye msomaji wake kwa sababu macho yamechoka. "Mpendwa Mzazi, mwanao ana salio la karo. Asije shuleni Jumatatu bila kulipa." Nyanya alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Hii wamemwandikia nani, mjukuu wangu? Mamako si tulimzika?"

Nilikosa la kusema. Tena karo ilikuwa imeshalipwa na risiti imo ndani ya Biblia yake! Jumatatu alfajiri alipanda matatu kwenda kuionyesha. Akajibiwa, "Aa, hiyo ilitumwa kwa wote tu."

Kwa wote tu! Jamani, anayetuma huona watu mia tano, lakini anayepokea ni mmoja, amekaa jikoni na simu yake. Anaamini ameitwa yeye.

Najua nitaambiwa ati ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160 pekee. Basi tuhesabu. "Mpendwa Mzazi" ni herufi 13 pamoja na pengo. "Mlezi wa Juma" pia ni 13. Hasara iko wapi? Majina yako kwenye kompyuta ya ofisi, na programu za kutumia watu wengi ujumbe huweza kumwekea kila mmoja jina lake. Aliyelipa naye aondolewe kwenye orodha kabla ya kubonyeza. Kama haiwezekani, heri kuandika wazi: "Kwa wazazi na walezi wote, ikiwa umelipa, ahsante." Hata hilo lingemwokolea nyanya nauli.

Kuna na wale waliopita mpaka upande wa pili. Wanaanika majina na madeni ya darasa zima katika kundi la WhatsApp la wazazi, mwenye deni akasomwe na majirani. Huko sasa si kumwita mtu kwa jina, ni kumvua nguo sokoni. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda mambo ya faragha ya mtu na jamaa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Deni la mtu aambiwe mwenyewe.

Bwana Mhasibu, nakuomba kwa heshima na taadhima: wanachama wa Kiswahili tuko tayari kukuandikia nakala za ujumbe wa muhula ujao, bure kabisa. Orodha ya walezi utatupa wewe.