Skrini ya kuvaa ipimwe kwa maji, si kwa mikunjo

Mwaka 2019 Samsung ilitangaza simu ya kukunjwa ikijinadi kwamba skrini yake inahimili mikunjo 200,000. Kabla haijafika dukani, baadhi ya waandishi waliopewa waijaribu waliona skrini zikiharibika: wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni wa kufungashia tu, kwingine uchafu ukapenya ndani. Mauzo yakaahirishwa kutoka Aprili hadi Septemba. Mashine iliyoijaribu simu hiyo kwa kuikunja haikudanganya. Iliulizwa swali dogo mno. Sasa skrini za aina hiyo zinatakiwa zikae kwenye saa, bangili na nguo, na kinachozisubiri huko ni jasho, mvua na sabuni.

Adui mkubwa wa skrini hizo ni unyevu. Tabaka zake zinazotoa mwanga, nyembamba kuliko unywele, huharibiwa na mvuke wa maji na oksijeni, na doa jeusi huanza kutambaa. Kioo cha kawaida huzuia mvuke lakini hakikunjiki. Plastiki hukunjika lakini hupitisha mvuke. Wavuvi wa ndagala wa Uvira, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, wanaujua mkasa huu. Walipoacha karabai wakachukua taa za LED, walipata mwanga wa gharama nafuu. Lakini taa ikizimika, mara nyingi LED yenyewe ni nzima: nyaya zimeshika kutu, betri imechoka, au mpira wa kuzuia maji umepasuka. Kinachoua taa ni kile kinachoizunguka.

Yupo atakayesema kwamba mji kama Uvira, ulioonja mafuriko ya Aprili 2020, hauna haja ya kujadili saa za anasa. Lakini simu ya mkononi nayo ilianza kama anasa, na leo hata mvuvi anaitegemea. Vazi linalong'aa usiku ziwani laweza kumwonyesha aliyeanguka majini. Hoja nzito zaidi ni kwamba kifaa kilichozibwa kabisa hakitengenezeki. Ni kweli, ila tabaka la mwanga ndilo linalohitaji kuzibwa moja kwa moja. Betri yaweza kukaa chini ya kifuniko cha skrubu chenye mpira wa kubadilishwa. Hata alama ya IP67 ya kuhimili vumbi na maji haitoshi, maana hupimwa kwa maji safi, kina cha mita 1, kwa dakika 30, wala haigusi jasho. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo, na OCC, ofisi ya Kongo inayokagua bidhaa, waulize mambo mawili: kifaa kimejaribiwa kwa jasho, na betri inabadilishwa na fundi wa kawaida? Kisichojibu yote mawili kisiitwe cha kudumu.