Mke wa Mkuu wa Shule



Karibu kila parokia yenye shule yupo mama aitwaye "mke wa mkuu wa shule", na jina lake huishia hapo. Wageni hula kwake, mtoto aliyeugua bwenini huuguzwa kwake. Mume akihamishwa naye huondoka, na kumbukumbu za shule hazimtaji. Juma hili nimemtafakari mmoja wa namna hiyo, japo si wa kwetu: Funmilayo Ransome-Kuti wa Abeokuta, nchini Nigeria.

Alizaliwa mwaka 1900, akasomea kwao na kisha Uingereza. Mwaka 1925 aliolewa na mchungaji wa Kianglikana, Israel Ransome-Kuti, ambaye mwaka 1932 alikabidhiwa uongozi wa Abeokuta Grammar School. Mama huyu akaanzisha chama cha wanawake waliosoma kama yeye. Wakashona, wakapika, wakafundishana malezi. Kilikuwa chama chema, wala hakikumsumbua mtu yeyote.

Katika miaka ya 1940 alitokea mwanamke wa sokoni aliyetaka kujua kusoma. Darasa likafunguliwa, na hapo mambo yakageuka: waliokuja kufundishwa ndio waliofundisha. Wakasimulia jinsi mchele wao ulivyotwaliwa wakati wa vita, na jinsi wanawake, hata wasichana wa miaka 15, walivyotozwa kodi. Mke wa mkuu wa shule akasikiliza. Akaweka kando gauni za Kizungu, akavaa mavazi ya Kiyoruba, ili muuza mchele asijione mnyonge mbele yake. Mwaka 1946 chama kikawa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Mwaka 1947 maelfu wakakesha mbele ya jumba la mtawala, Alake. Kodi ile ikasimamishwa mwaka 1948, na mapema mwaka 1949 Alake akakiacha kiti, ingawa alirudishwa baadaye. Mume, tusimsahau, hakumzuia mkewe, alimuunga mkono.

Wengi leo humjua kama mama yake Fela, mwanamuziki. Yaani ametoka kuwa mke wa fulani akawa mama wa fulani!

Kinachonichoma ni lile vazi. Nasi tuna vyama vya akina mama, na vitenge vya sare vinapendeza kweli. Lakini mwaka fulani niliruhusu sare iwe sharti la kuandamana siku ya somo wa parokia. Mama mmoja muuza ndizi alisimama nje ya uzio hadi maandamano yakapita, na kwa miezi mingi sikumwona tena. Viongozi hawakuwa na nia mbaya, wala mimi. Sisi sote tulikuwa na sare.

Mwezi ujao halmashauri itazungumzia kitenge kipya. Nimeomba kwamba kabla ya kutaja bei, wake wa walimu waende sokoni wakaketi na muuza ndizi, wamsikilize.