Upeo wa Mmea na Upeo wa Fomula

Mtafiti anayechunguza ukuaji wa mahindi hung'oa baadhi ya mimea kila baada ya siku kadhaa, huikausha na kuipima uzito, kisha huoanisha data zake na modeli ya kihisabati. Aghalabu modeli ambayo kipimo chake cha ulinganifu kinakaribia zaidi 1 ndiyo hutangazwa kuwa bora. Makala hii inapinga desturi hiyo.

Modeli mbili zitumikazo sana hazikuzaliwa shambani. Benjamin Gompertz alitoa fomula yake mwaka 1825 ili kueleza vifo vya binadamu; Pierre-François Verhulst alitoa modeli ya lojistiki mwaka 1838 ili kueleza ongezeko la watu. Zote mbili huchora grafu yenye umbo la S, lakini hazidai jambo moja. Katika ile ya lojistiki, kasi ya ukuaji hufikia kilele mmea unapotimiza nusu ya upeo wake. Katika ile ya Gompertz, kilele huja mapema zaidi, kwenye takriban asilimia 37. Tofauti hiyo inahusu maisha ya mmea wenyewe.

Tatizo hujitokeza upimaji unapokoma kabla kasi haijapungua. Hapo modeli zote mbili zaweza kupita karibu na nukta zilezile, ilhali upeo unaokadiriwa na ile ya Gompertz kwa kawaida huwa mkubwa zaidi. Yumkini itatetewa kwamba modeli ni chombo tu cha kufupisha data. Hoja hiyo ina mashiko ndani ya kipindi kilichopimwa. Nje yake, mtafiti husoma fomula, hasomi shamba.

Istilahi nayo ina dhima hapa. Kuiita parameta hiyo "uzito wa mwisho" ni kumfanya msomaji aamini kwamba imepimwa. Neno "upeo", litokanalo na kitenzi pea, yaani kutimia kwa ukuaji, linafaa zaidi: kama upeo wa macho, hukaribiwa bila kufikiwa.

Kwa hiyo, upimaji hauna budi kuendelea baada ya mbelewele kutokeza, hadi mahindi yakomae, na kila upeo utolewe pamoja na kiwango cha shaka yake. Pale data zisipoweza kuamua baina ya modeli mbili, uaminifu wa kitaaluma wadai kwamba hilo lisemwe waziwazi.