Owino Uhuru Walishinda Bilioni 1.3, Lakini Lamu Ndio Walicheza Mapema: Likoni Mko Rada?

Tuanze na hesabu. Tarehe 6 Disemba 2024, Mahakama ya Upeo ilirudisha hukumu ya shilingi bilioni 1.3 kwa watu wa Owino Uhuru, kile kimtaa cha Mikindani. Ukiskia bilioni waona wasee wameomoka. Sasa gawanya kwa watu kama 3,000 waliokuwa wakiishi pale. Inatoka laki nne na kitu kwa kichwa. Kisha weka miaka kando ya hizo doo: kiwanda kilianza 2007, kikafungwa 2014, kesi ikaingia kortini 2016, hukumu ya kwanza 2020, ikafutwa na Mahakama ya Rufaa 2023, ikarudi 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka tanuri linawashwa alikuwa na miaka 17 siku majaji wanasoma uamuzi. Yaani anangoja tu kitambulisho.

Kama wewe ni wa Likoni au Kisauni na wasema hiyo ni story ya watu wa Changamwe, ngoja kidogo. Inakuja kwenu.

Kwanza, ni nini kilitokea. Kiwanda chenyewe, Metal Refinery EPZ, kilikuwa kinachukua betri za gari zilizokufa, zinavunjwa, zinayeyushwa, risasi inatolewa na kuuzwa nje. Risasi hii si ya bunduki, lakini nayo inaua, tena polepole. Inaingia kwa moshi, kwa vumbi la bati, kwa maji yanayotiririka kutoka ukutani hadi mlangoni mwa mtu. Mtoto akicheza chini anaila. Ubongo wake ukishaguswa na risasi haurudi vile ulivyokuwa, na Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango chochote cha risasi kwenye damu ambacho kimejulikana kuwa salama. Wanawake wajawazito nao hupoteza mimba.

Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale pale. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, akashikwa na polisi, akaendelea. 2015 akapewa tuzo ya Goldman, ile watu wa mazingira huichukulia kama Nobel yao. Ulaya na Marekani walimjua kabla Jomvu nzima haijamjua, na hiyo ni aibu yetu.

Sasa shika hapa. Kiwanda kinapowashwa 2007, Kenya ilikuwa na sheria ya mazingira tangu 1999, ile EMCA. NEMA ilikuwa na ofisi, magari na mihuri. Sheria ilisema wazi mradi kama huo ufanyiwe uchunguzi wa athari kabla haujaanza. 2010 katiba mpya ikaongeza kifungu cha 42, kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, na cha 70, kwamba unaweza kwenda kortini kuitetea hiyo haki hata kama wewe binafsi hujaumia bado. Kwa karatasi, sisi ni noma. Kuna nchi za Ulaya ambazo katiba zao haziko hivyo.

Na bado tanuri liliwaka hadi 2014. Ndio maana mwaka 2020, jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa alipogawa lawama, NEMA ilibebeshwa asilimia 40. Hebu fikiria: refa ndiye kapewa fungu kubwa la kadi. Wizara za serikali na EPZA, wale wenye kusimamia viwanda vya kuuza nje, nao walikuwa kwenye ile kesi. Korti pia ikatoa miezi 4 udongo na maji visafishwe, la sivyo zilipwe milioni 700 za kufanya hiyo kazi.

Wengi wakisoma hivi husema shida ni ufisadi, basi, wanafunga ukurasa. Sikatai kuna uozo. Lakini ukiweka Owino Uhuru kando ya kesi zingine za huku kwetu, kuna kitu kingine kinajitokeza, nacho ni saa. Ni lini watu walifika mlangoni.

Chukua Lamu. Palitakiwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kule Kwasasi. NEMA ikatoa leseni 2016. Watu wa Lamu hawakungoja moshi. Mwaka ule ule wakakata rufaa kwa jopo la mazingira, NET, ambalo sheria inakupa siku 60 kulifikia baada ya leseni kutoka. Tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni. Sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna aliyehitaji kuonyesha mapafu mabovu. Wavuvi na wazee wa Lamu walishinda kwa sababu mikutano haikufanywa vile sheria inataka, na wao walikuwa wameweka rekodi. Hakuna fidia waliyopewa, na hawakuihitaji, manake hakuna aliyeugua.

Sasa shuka Tanga, ni hapo tu ukipita Lunga Lunga. Bomba la mafuta la EACOP linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mpaka rasi ya Chongoleani. Mashirika manne yakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha Novemba 2020 kulipinga. Novemba 2023 kesi ikatupwa. Majaji hawakufika hata kwenye swali la kama bomba ni zuri au baya. Walisema mmechelewa. Mkataba wa Jumuiya unakupa miezi miwili tangu kitendo kifanyike au ukijue, na makaratasi ya bomba yalianza kusainiwa 2017. Miezi miwili! Kuna watu hulipa deni la duka kwa muda mrefu kuliko huo.

Binafsi naona hiyo miezi miwili ni kichekesho. Mwanakijiji wa Tanga au Hoima atajuaje marais wamesaini nini, asome, atafute wakili, aende Arusha, yote kwa siku sitini? Lakini ndio sheria iliyopo, na wenye miradi wanaijua kuliko sisi.

Na usidhani huko majuu mambo ni tofauti sana. Mwaka 2008 Marekani ilibana kiwango cha risasi kwenye hewa mara kumi kwa mpigo mmoja. Safi kabisa. Kilichofuata ni kwamba betri nyingi kuukuu zilianza kuvuka mpaka kwenda Mexico, ambako sheria ilikuwa legevu. Kule California kulikuwa na kiwanda cha Exide, mji wa Vernon, kilichochafua maelfu ya nyua za watu, wengi wao Walatino wa kipato cha chini. Kikafungwa 2015. Kampuni ikafilisika, na 2020 korti ikairuhusu iache ule uwanja vile ulivyo. Mlipa kodi akabaki na ufagio. Hao ni California, wenye sheria kali na mawakili wa kumwaga. Kiwanda kikishawaka, hata tajiri huishia kupiga deki.

Mwaona mchezo? Nchi moja ikikaza, kazi chafu inatafuta nchi nyingine. Mtaa wa wenye nazo ukikaza, inatafuta mtaa mwingine. Hapa kwetu twaijua hiyo bila kwenda Mexico. Jaa la Kibarani, lile la pale unapoingia kisiwani, lilikuwa linawatia aibu wakubwa mbele ya watalii. Likafungwa, pakapandwa miti, pakapendeza. Taka za Mombasa hazikuyeyuka. Zilielekezwa Mwakirunge, Kisauni. Waliokuwa wanalala na ile harufu ni watu wa bara, na waliorithi harufu ni watu wa bara.

Kuna msee ataniambia serikali haina uwezo. Uwezo upo. Februari 2017 lilitoka tangazo la kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na tarehe 28 Agosti mwaka huo huo likaanza kazi. Miezi sita. Faini: milioni 2 hadi 4, au jela mwaka 1 hadi 4. Mama mboga wa Kongowea alibadilisha mfuko bila kupelekwa semina. Rwanda walifanya hivyo 2008, Tanzania ikafuata Juni 2019. Uganda wamekuwa wakitangaza tangu 2007 na mifuko bado ipo, kwa hivyo tusijidharau sana. Ninachouliza ni hiki: mkono ulioweza kumnasa mtu na karatasi ya mkate kwa miezi sita, ulikuwa wapi miaka saba ya moshi wa Mikindani? Mama mboga hana wakili. Kiwanda kina wakili, kina ajira za kutishia nazo, na kina cheti cha kuleta dola nchini.

Ndio sasa twaja Likoni. Dongo Kundu. Barabara ishafunguka, Mjapani ametia mkono, na kuna eneo maalum la kiuchumi la ekari kama 3,000 linalotengenezwa. Viwanda vitakuja. Sisemi vizuiwe. Vijana wa Mtongwe na Shika Adabu hawana kazi, na mtu asiye na kazi huwezi kumpigia hotuba ya hewa safi. Lakini Owino Uhuru nako waliambiwa ajira zimekuja. Kiwanda cha pale kilikuwa na jina hilo hilo la kuvutia, la kuuza nje, la kuleta pesa za kigeni.

Kwa hivyo, wewe wa Likoni, hizi ndizo tarehe na karatasi za kushika kabla tanuri halijajengwa. Mradi mkubwa ukija, kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali watu wanaona, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu wa eneo. Mitatu, tena na watu watakaoguswa, sio na chifu na vijana kumi waliopewa soda na tisheti. Ukienda, hakikisha jina lako liko kwenye orodha, na piga picha hiyo orodha. Kama mkutano haukufanyika, andika tarehe na uhifadhi. Kule Lamu makosa ya mikutano ndiyo yaliangusha leseni. Ripoti ya athari ni ya umma, unaweza kwenda NEMA ukaomba kuiona, na una haki ya kuandika maoni yako, hata kwa Kiswahili. Leseni ikishatoka, anza kuhesabu siku 60. Ya 61 mlango wa NET umeanza kufungwa.

Na uliza maswali ya kitoto. Kiwanda kinayeyusha nini? Maji machafu yanatokea wapi? Upepo wa kusi ukivuma, moshi unaelekea kwa nani? Betri zinatoka wapi? Hili la mwisho lina maana, manake mkataba wa Basel wa 1989 unasimamia taka za sumu zikivuka mpaka. Betri za boda, za matatu na za sola zikikusanywa humu humu nchini hazivuki mpaka wowote mpaka zigeuzwe mapande ya risasi, na sola zinaongezeka kila siku, kwa hivyo betri zilizokufa zitaongezeka pia. Lazima ziyeyushwe mahali. Hapo mahali ni wapi, bado hakuna mtaa uliojitolea.

Kule Mikindani hukumu ipo, imesainiwa na korti ya juu kabisa nchini, na hakuna rufaa nyingine juu yake. Kilichobaki ni hundi na koleo: pesa zifike kwa watu wenyewe, na ule udongo uchimbwe uondolewe. Ukipita pale waulize wenyewe wamefikia wapi. Wakikuambia wangali wanangoja, waulize pia wanafuatilia ofisi gani, kisha uiandike hiyo ofisi mahali.