Pweto na ndoto ya tiketi ya dola 20

Barani Ulaya kuna watu wanaopanda ndege kwa starehe tu, kama wengine wanavyokwenda uwanjani kutazama mpira. Mpenzi wa ndege wa aina hiyo huvizia tiketi ya bei ya chini kabisa ya Ryanair, huondoka alfajiri, hukaa angani saa moja, hunywa kahawa katika mji asio na shughuli nao, na jioni huwa amerudi nyumbani. Mara nyingine nauli yake haizidi bei ya chakula cha mchana. Akirudi hulalamika kwamba magoti yalibanwa na kwamba hata maji ya kunywa aliuziwa.

Kwa mkazi wa Pweto, malalamiko hayo ni kama hadithi ya nchi ya mbali. Mji huo wa Haut-Katanga uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Moero, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Wapenzi wa ndege wako huko pia. Ndeke, kama wanavyoiita Lubumbashi, ikisikika juu ya ziwa, watoto hukimbia kuitazama. Lakini uwanja mdogo wa mji umezoea zaidi ndege za mashirika ya misaada, za serikali na za kukodi. Mwenye gunia la samaki wakavu hana nafasi humo, wala mama anayempeleka mtoto mgonjwa hospitalini Lubumbashi.

Kutoka Pweto hadi Lubumbashi, kwa njia ya anga, ni chini ya kilomita 400. Huo ni mwendo mfupi kuliko wa Dar es Salaam hadi Kilimanjaro. Na njia hiyo ya Tanzania ina historia inayofaa kukumbukwa. Tarehe 29 Novemba 2012 kampuni ya Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza kwa ndege za Airbus A319. Nauli ya kuanzia ilikuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi, karibu dola 20 za wakati ule. Watu waliozoea kulala safarini ndani ya basi walijikuta wamefika kwa muda wa saa moja na kidogo, na baadhi yao hawakuwa wamewahi kupanda ndege maishani.

Swali ni kwa nini dola 20 ziliwezekana kule na haziwezekani Katanga. Jibu la haraka ni kwamba wenye kampuni za Congo wana tamaa. Jibu hilo linafurahisha lakini halitoshi. Nauli nafuu haitokani na huruma ya mwenye ndege. Inatokana na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ndege hula pesa hata ikiwa imelala uwanjani, kwa hiyo kampuni ya bei nafuu huikataza kulala. Ryanair hujipa dakika 25 tu za kushusha abiria na kupakia wengine. Hutumia karibu aina moja ya ndege, ili rubani yeyote aiendeshe na fundi yeyote aitengeneze. Ndani ya Boeing 737-800 hubanwa viti 189, na gharama ya mafuta na mishahara ya marubani wawili hugawanywa kwa watu wote hao. Mzigo, chakula na kuchagua kiti hulipiwa kando.

Pweto haiwezi kujaza viti 189. Uwanja wake mdogo unafaa ndege ndogo zenye viti vichache. Marubani wawili wale wale, mafuta yale yale yaliyosafirishwa kutoka mbali, sasa wanalipwa na watu kumi na kitu. Ndiyo maana anayeahidi kuwaletea watu wa Pweto kampuni ya bei ya Ulaya anawadanganya, hata akiahidi wakati wa uchaguzi.

Ila kuna sehemu ya bei isiyotokana na umbali wala ukubwa wa ndege. Mwaka 2009 Congo ilianzisha Go-Pass, malipo ya kila abiria kwa ajili ya kuendeleza viwanja vya ndege: dola 50 kwa safari ya nje ya nchi na dola 10 kwa safari ya ndani. Kwenda na kurudi ndani ya nchi, hizo ni dola 20. Yaani Go-Pass peke yake, kabla ya tone la mafuta kumwagwa tangini, ililingana na nauli ya kuanzia ya Fastjet. Kwa mfanyabiashara wa madini anayesafiri kutoka Luano hadi Kinshasa, pesa hiyo haionekani. Kwa muuza samaki, ni sababu ya kubaki kwenye lori linalopita Kilwa na Kasomeno, hata majira ya mvua.

Wako watakaosema nauli ikishuka usalama nao utashuka, na kwamba Congo imezika watu wengi mno kwa ajali za ndege kuanza kujaribu mambo ya bei nafuu. Hofu hiyo ina msingi. Ajali za Goma mwaka 2008 na Kisangani mwaka 2011 hazijasahaulika, na tangu 2006 kampuni zilizosajiliwa Congo zimezuiwa kuruka katika Umoja wa Ulaya. Lakini zuio hilo halikuletwa na tiketi za bei ndogo. Lilitokana na udhaifu wa ukaguzi, na abiria wa Congo ameendelea kulipa ghali kwa usafiri uliowekwa kwenye orodha hiyo. Ndege mbovu na nauli kubwa vimekaa pamoja miaka mingi bila kugombana. Kinacholinda uhai wa abiria ni mkaguzi asiyepokea bahasha, si bei iliyoandikwa kwenye tiketi.

Historia inaonya pia upande wa pili. Fastjet Tanzania ilisimama mwishoni mwa 2018. Lubumbashi nayo inaikumbuka Korongo, iliyoanza mwaka 2012 kwa ubia wa Brussels Airlines na kundi la George Forrest, ikafungwa mwaka 2015. Lakini Jambojet ya Kenya, iliyoanzishwa na Kenya Airways mwaka 2014, iliendelea baada ya kuhamia kwenye ndege za pangaboi zenye viti 78, na mwaka 2021 ilifika hadi Goma. Mradi wa bei nafuu unahitaji ndege inayolingana na njia yake, na serikali isiyomkamua abiria kabla hajapanda.

Sasa kuna Air Congo, iliyoanza Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49. Boeing 737 zake zinafaa njia ya Kinshasa na Lubumbashi. Huko ndiko hesabu ya viti vingi na bei ndogo inaweza kujaribiwa kweli, na serikali, kwa kuwa ni mwenye hisa, haina wa kumsingizia.

Kwa Pweto dawa ni nyingine, na nchi nyingine zimeshaitumia. Marekani, baada ya kuachia soko la ndege mwaka 1978, iliona miji midogo itaachwa, ikaanza kulipia sehemu ya gharama ili ndege ziendelee kutua huko. Norway hufanya hivyo kwa vijiji vyake vya pwani: serikali hutangaza zabuni, kampuni hushindana kuomba ruzuku ndogo zaidi, na mshindi hufungwa na ratiba na kikomo cha nauli. Haut-Katanga, jimbo la shaba na kobalti, lingeweza kuanza na safari moja ya ndege ndogo kila wiki, kwa zabuni ya wazi. Kinshasa ingeweza kusamehe Go-Pass kwa njia hiyo, na kuchapisha ni kiasi gani cha Go-Pass kimewahi kurudi kutengeneza viwanja vidogo kama cha Pweto.

Safari hiyo haitakuwa ya dola 20. Lakini ikiwa na siku yake na bei inayojulikana, mwalimu, muuza samaki na mgonjwa wataweza kuipangia. Na siku mmoja wao atakaposhuka Luano akilalamika kwamba magoti yalibanwa na maji aliuziwa, Pweto itakuwa imefika mahali.