Kijana anapokikata upya kichekesho alichokipenda baba

Mzazi akiingia chumbani saa sita za usiku na kumkuta kijana ameinama mbele ya kompyuta, anarudia sekunde kumi zile zile za kipindi cha zamani kwa mara ya ishirini, neno la kwanza kumtoka huwa: "Hivi wewe huna kazi ya kufanya?" Kijana naye hujibu bila kugeuka, "Nahariri, baba." Mazungumzo yanaishia hapo, mlango unafungwa, na kila mmoja anabaki na lake moyoni.

Laiti baba angevuta kiti, angegundua kwamba kinachofanyika pale hakitofautiani sana na kazi ya fundi cherehani anayepewa koti la marehemu babu ili alipunguze limkae mjukuu. Kitambaa ni kile kile. Swali ni kiasi gani kinaweza kukatwa kabla watu hawajasema hili si koti la babu tena.

Huko Uingereza swali hilo limewagombanisha wapenzi wa kipindi kimoja kwa muda mrefu. Kipindi chenyewe ni Red Dwarf, kichekesho cha anga za juu kilichotungwa na Rob Grant na Doug Naylor, kikaanza kurushwa BBC2 tarehe 15 Februari 1988. Kisa chake ni hiki: Dave Lister, mfanyakazi wa daraja la chini kabisa katika meli kubwa ya kuchimba madini angani, anakamatwa na paka aliyemwingiza melini kinyume cha sheria. Adhabu yake ni kugandishwa katika chumba ambamo muda hausogei. Akiwa humo, mionzi inavuja na kuua wafanyakazi wote. Kompyuta ya meli, Holly, haimfungulii mpaka hatari ipite, na hatari inapita baada ya miaka milioni tatu. Lister anatoka na kukuta wenzake pekee ni Holly. Kiumbe mtanashati aliyetokana na kizazi cha yule paka. Na mwenzake wa chumbani, Arnold Rimmer, ambaye alikufa na sasa amerudishwa kama hologramu, yaani taswira ya mwanga isiyoweza kushika hata kikombe. Baadaye anajiunga nao Kryten, roboti mtumishi ambaye furaha yake ni kupiga pasi.

Ukiondoa nyota na meli, hicho ni kisa cha nyumba. Ni watu wasioendana waliofungiwa pamoja, wanaogombana nani kaacha vyombo vichafu na nani kavaa nguo za nani. Ndiyo maana kilipendwa na familia ambazo habari za sayansi haziwahusu kabisa, na ndiyo maana wanaokikata upya leo wengi wanakigusa kama mali ya nyumbani.

Nao hukikata kwa namna nyingi. Yupo anayeunganisha sehemu kadhaa zenye kisa kimoja ziwe filamu moja ndefu. Yupo anayerudisha mandhari zilizotupwa na wahariri wa awali, ambazo zimewekwa kama nyongeza kwenye diski. Yupo anayepunguza sehemu zilizorefushwa. Na wapo wengi, si kwa kipindi hiki tu, ambao kazi yao ni kuondoa vicheko vya watazamaji.

Hapo kwenye vicheko panahitaji kukaa kidogo, maana ndipo vijana wengi huanzia na ndipo wengi hukwama. Red Dwarf katika misimu yake ya mwanzo kilirekodiwa Manchester mbele ya watazamaji waliokaa studioni. Mwigizaji alisema utani wake, akasubiri watu wacheke, kisha mwenzake akajibu. Ule muda wa kusubiri umo ndani ya picha. Kijana akifuta kicheko, hapati kichekesho kilichotulia. Anapata watu wawili wanaotazamana kimya kama wagomvi kwenye daladala. Basi inambidi akate na picha pia, apunguze nukta mbili hapa na nusu nukta pale. Akishakata, mkono uliokuwa juu ya meza unajikuta ghafla uko hewani. Isitoshe, sauti ya kicheko na sauti ya mwigizaji mara nyingi zimelala njia moja, kama chumvi ndani ya mchuzi. Programu za siku hizi zinajitahidi kuzitenganisha, lakini sikio zuri bado husikia alama.

Anayefanya kazi hiyo kwa wiki tatu anajifunza jambo ambalo mwalimu angehangaika kulifundisha: kwamba kimya ni sehemu ya utani, na kwamba watazamaji wa siku ile walikuwa kama mwigizaji mmoja zaidi.

Watengenezaji wenyewe walilipitia somo hilo. Msimu wa 7, wa mwaka 1997, ulipigwa bila watu studioni ili ufanane na sinema. Baadaye watu waliitwa kuutazama na vicheko vyao vikarekodiwa na kuwekwa juu yake. Diski ya msimu huo ilipotoka, baadhi ya sehemu ziliwekwa pia kwa urefu zaidi na bila vicheko. Kipindi kiliporudi mwaka 2009 kupitia kituo cha Dave, kwa sehemu tatu zilizoitwa Back to Earth, hazikuwa na kicheko hata kimoja, na baadhi ya wapenzi wa zamani walijihisi kama wamekaribishwa nyumba wanayoijua ikiwa haina mtu. Nchini Marekani, diski za M*A*S*H zilimpa mtazamaji nafasi ya kuzima vicheko kwa kubonyeza tu. Pengine hiyo ndiyo njia ya adabu kuliko zote, kwani kila mtu anakula sahani yake.

Lakini ugomvi mkubwa zaidi haukuletwa na mashabiki. Mwaka 1998, kipindi kilipotimiza miaka 10, wenye kipindi walichukua misimu mitatu ya kwanza wakaifanyia ukarabati. Meli iliyokuwa sanamu iliyotengenezwa kwa mikono ilibadilishwa kwa michoro ya kompyuta, ikawa ndefu na nyembamba hata mashabiki wakaiita penseli. Rangi zilirekebishwa, picha ikapewa sura ya sinema, sauti ikachanganywa upya. Norman Lovett, aliyeigiza Holly, aliitwa arekodi upya baadhi ya maneno yake, wakati umri wake ulikuwa umesogea miaka 10. Nia haikuwa mbaya: kipindi kilikuwa kinauzwa nchi za nje, na picha za zamani zilionekana za kizamani.

Mashabiki wengi hawakufurahi. Walichokuwa wanakilinda si ubora wa picha. Ile sanamu yenye vumbi, iliyosogea polepole mbele ya kamera, ndiyo waliyoiona wakiwa wamekaa sakafuni na kaka zao, chai inapoa. Aliyeibadilisha ana haki zote za kisheria, na bado wao waliona kama mtu ameingia sebuleni akabadilisha picha ya harusi ya wazazi kwa kuwa ya sasa ina mwanga mzuri. Diski zilipoanza kutoka mwaka 2002, zilikuwa na matoleo ya awali. Yale yaliyokarabatiwa yalikuja kutolewa kwa diski mwaka 2007, ndani ya kisanduku cha peke yake.

Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto "usiharibu kazi ya watu" yuko sahihi nusu. Kazi hiyo iliguswa na waliyoitunga wenyewe, tena tangu siku ya kwanza: sehemu ya kwanza kabisa ilirekodiwa, haikuwaridhisha, na kipande kikubwa chake kikapigwa upya kabla ya kurushwa.

Nusu ya pili ya sentensi hiyo ni sheria, na hapa kijana asidanganywe. Miongoni mwa wanaohariri kazi za wengine imezoeleka kanuni kwamba kila mtu awe amenunua nakala halali, na asiwepo anayechukua hata senti. Ni kanuni ya heshima, inaonyesha nia njema, ila haizuii mtu kushtakiwa. Uingereza iliruhusu tangu Oktoba 2014 matumizi ya kazi ya mwingine kwa ajili ya dhihaka na mzaha, lakini kufupisha kichekesho si lazima kuwe ni kukidhihaki. Mkataba wa Berne, ambao Uingereza, Kenya na Tanzania ni wanachama, unampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama alishaiuza. YouTube nayo ina mtambo unaolinganisha kila video inayopandishwa na kazi za wenye haki. Mwenye kazi anaweza kuifungia, kuiacha, au kujichukulia mapato ya matangazo yake. Onyo tatu za hakimiliki ndani ya siku 90 zinaweza kufunga chaneli nzima, pamoja na video za mahafali ya dada zilizokuwa humo humo.

Kinachowahusu zaidi wazazi ni kisa cha Marekani. Kampuni moja ya huko, CleanFlicks, ilikuwa ikinunua filamu, ikaondoa matusi, damu na mandhari za kitandani, kisha ikauza au kukodisha nakala zilizosafishwa kwa familia zilizotaka kuangalia pamoja na watoto. Waongozaji wa filamu walipinga, na mwaka 2006 mahakama ya shirikisho mjini Denver iliamua kwamba kutengeneza na kuuza nakala hizo ni kuvunja hakimiliki. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria inayoruhusu familia, ndani ya nyumba yake, kutumia chombo kinachoruka au kunyamazisha kipande wakati filamu halali inachezwa, mradi hakuna nakala mpya inayotengenezwa. Yaani mkono wa mama unaoziba macho ya mtoto umehalalishwa, lakini mkasi wa mfanyabiashara umekatazwa. Kampuni nyingine, VidAngel, ilijaribu kupita katikati ya hayo mawili, na mwaka 2019 baraza la mahakama likaitaka ilipe dola milioni 62.4.

Katika nyumba nyingi ndipo kisu kinapogusa mfupa. Red Dwarf si kipindi cha watoto wadogo. Kina pombe, utani wa chumbani na neno la kubuni, "smeg", lililotungwa ili wahusika watukane mchana kweupe bila kutukana. Kaka mkubwa akitengeneza toleo fupi ili mdogo wake wa miaka minane aangalie naye, amefanya jambo la upendo. Mdogo huyo akikua akidhani Lister alikuwa kijana mpole anayekunywa maziwa, hapo nyumba moja ina vipindi viwili, na siku watakapokizungumzia wakiwa watu wazima hawatakuwa wanazungumzia kitu kimoja. Dawa yake haina gharama. Mwambie mdogo: hili ni toleo la kaka yako, lile lingine litakusubiri ukifika kidato cha tatu.

Wapenzi wa sinema wa Afrika Mashariki wanalijua hili bila kufundishwa. Lufufu na DJ Mark kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya na VJ Jingo wa Kampala walijenga majina yao kwa kuweka sauti zao juu ya sinema za watu, na mtazamaji wa kibandani hakuwahi kudhani kwamba yale maneno ya mitaani yalisemwa na mwigizaji wa Hollywood. Jina la mtafsiri lilitangulia. Alijulikana ni nani na amefanya nini.

Na Red Dwarf chenyewe kiliwahi kumwona kijana wa kompyuta miaka mingi kabla hajazaliwa. Mwaka 1989, sehemu iliyoitwa Backwards iliwapeleka wahusika kwenye dunia ambayo muda unarudi nyuma na watu husema maneno kinyumenyume. Kuna meneja wa baa anayewafokea, na mtazamaji anapewa maana moja. Waliokuwa na mashine ya kanda wakageuza sauti ile, wakasikia kitu kingine kabisa: alikuwa anamtukana yule mtu mmoja nchini aliyehangaika kutafuta kanda, akaigeuza na kusikiliza upuuzi wake. Msimu huo huo ulifunguliwa na maandishi yaliyopita kwa kasi mno, yaliyosomeka tu kwa aliyesimamisha kanda. Diski yake ilipotoka mwaka 2003, waliweka na sehemu nzima ya Backwards ikiwa imegeuzwa, ianze mwisho na kuishia mwanzo.

Kwa baba aliye tayari kuvuta kile kiti, maswali ya kumuuliza kijana ni machache. Nakala ya awali iko wapi, na je, haijaguswa? Toleo jipya limeandikwa jina gani, ili lisichanganywe na la zamani? Linakwenda wapi likikamilika: linabaki kwenye diski ya nyumbani au linapandishwa mtandaoni? Kisha aombe kuonyeshwa kipande kimoja kabla ya kukatwa na baada ya kukatwa.

Huenda akasema, "Hapo umeharibu, mwanangu. Ulipokata ndipo palipokuwa panachekesha." Na kijana atasogeza kile kipanya na kusema, "Haya baba, nionyeshe ni wapi."