Kazi za Mombasa Zilihamishwa kwa Tangazo

Kila mjadala kuhusu ajira Mombasa unapoanza, hoja zile zile hujitokeza, na kwa kuwa wanaozisema ni watu wenye vyeo, wengi wameanza kuzichukua kuwa ndio ukweli. Kwa familia za Changamwe, Jomvu na Mikindani zinazoishi kwa bandari, kuzinyamazia ni kuzikubali. Mimi sizikubali.

Tunaambiwa kwanza kwamba reli mpya ya SGR iliyashinda malori kwa ushindani wa haki. Treni za mizigo zilianza safari Januari 2018. Kabla hazijabeba hata kontena moja, Mamlaka ya Bandari ilikuwa imeshafunga mkataba wa kuipa reli shehena ya kiasi fulani kila mwaka, na ikipungua, Bandari yenyewe ifidie pengo. Mkopo wa Benki ya Exim ya China uliojenga reli hiyo ulikuwa unasubiri kulipwa. Kisha Agosti 2019 Bandari na Mamlaka ya Ushuru zikatoa tangazo la pamoja: mizigo yote inayoingia kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli na ikaguliwe Embakasi, Nairobi. Mwenye mzigo hakuulizwa. Kama reli ilikuwa imeshinda kwa bei na kwa kasi, agizo lilihitajika la nini? Wafanyabiashara walijua hesabu yao: mzigo ukishuka Embakasi bado unapakiwa kwenye lori ufikishwe ghalani, na kontena tupu lina gharama zake za kurudishwa.

Sipingi reli. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi imetuulia watu wengi mno, na kila lori linalopungua humo ni nafuu kwa wasafiri. Ninachopinga ni kumnyima mwenye mzigo hiari, halafu tuambiwe ni soko lililoamua.

Hoja ya pili ni kwamba walioumia ni madereva wachache ambao wangeweza kutafuta kazi nyingine. Anayesema hivi hajawahi kukaa Miritini akaona lori moja linalisha watu wangapi. Kuna dereva na tanboi wake. Kuna makanika, fundi wa kuchomelea, muuza tairi, wauzaji wa chakula nje ya yadi, mlinzi wa getini, vibarua wa kupakua, wakala wa forodha na makarani wake, na mwenye vyumba vya kupangisha anayewategemea hao wote. Kuna pia vituo binafsi vya makontena, ambavyo serikali yenyewe ilivikaribisha ili kupunguza msongamano bandarini. Wenyewe walikopa, wakanunua mashine za kunyanyulia, wakaajiri, kisha ukaguzi ukapelekwa Embakasi na yadi zao zikabaki tupu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wa 2019 ulikadiria kwamba Mombasa ilikuwa imeshapoteza ajira karibu 3,000. Na mji haukuumia peke yake. Mariakani, Voi na Mtito Andei ni miji iliyokuwa ikiamka na kulala kwa kusimama kwa malori.

Wengine husema kazi hazikupotea, zilihamia Nairobi tu, na Mkenya ni Mkenya. Karani mwenye watoto shuleni Magongo na mama mgonjwa nyumbani hawezi kuifuata kazi umbali wa kilomita 480. Ile kazi kwake imepotea.

Hoja inayoniuma zaidi ni ile ya uvivu: kwamba Wapwani hawana kazi kwa sababu hawapendi kazi. Bandari ya Kilindini haifungi usiku. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa mji huu, makuli wa bandari na watu wa reli wakiwemo, waligoma pamoja wakidai mishahara bora mbele ya serikali ya kikoloni. Mwaka 2019 vijana wao na wajukuu wao waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, baadhi wakitawanywa kwa vitoa machozi, kudai kitu kimoja tu, nacho ni kazi. Tazama pia kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe: kilisafisha mafuta tangu miaka ya 1960 hadi 2013, kikasimama, na wala si kwa sababu wafanyakazi walichoka kuingia zamu. Mtu akitaka kujua kwa nini vijana wa Changamwe wamekaa barazani mchana, aanze na milango iliyofungwa kabla hajaanza na tabia zao.

Mwisho tunaambiwa suala limekwisha, maana Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake Septemba 13, 2022, alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Alifanya vyema, na mji ulishangilia kwa haki. Lakini tangazo halirudishi mashine iliyokwishauzwa wala mteja aliyekwishazoea njia nyingine. Tena Mahakama Kuu ya Mombasa ilikuwa imeshasema Novemba 2020 kwamba agizo la reli lilikiuka Katiba kwa kutowashirikisha wananchi. Haki hiyo tayari ilikuwa yetu, na bado ilibidi tusubiri hotuba ya uwanjani. Kilichorudishwa kwa kauli ya rais mmoja kinaweza kuondolewa kwa kauli ya mwingine, na mwekezaji wa yadi analijua hilo anapopiga hesabu ya mkopo.

Tukisubiri ajira mpya, viwanda tulivyoahidiwa vya Dongo Kundu navyo vinakuja kwa mwendo wa kobe. Sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi, kama hilo la Dongo Kundu, ilipitishwa 2015, na tangu hapo tumeoneshwa ramani na mawe ya msingi zaidi kuliko tulivyooneshwa mageti yanayoajiri.

Kwa hiyo wabunge wetu wa Pwani, wa vyama vyote, wana jambo moja la kupeleka Bungeni: sheria inayompa mwenye mzigo haki ya kuchagua njia ya kuusafirisha na mahali pa kuutolea, na inayolazimisha badiliko lolote lijadiliwe hadharani hapa Mombasa kabla halijatangazwa.